Wiki Sita Kabla ya Kliniki

Reli ilipofika Thika mwaka wa 1913, kahawa ilikuwa tayari imeanza kupandwa kandokando ya mto Chania, na katani ikitanda upande wa Makuyu. Miaka kumi baadaye, karibu na mji huohuo, mikahawa iliingiliwa na mdudu mdogo aliyejifunika nta nyeupe. Vidung'ata hao walifyonza utomvu wa kahawa ya walowezi, kisha wakavuka ua na kushambulia vyakula vya wakulima Waafrika waliopakana nao. Wataalamu walihangaika kwa miaka mingi. Walimdhania mdudu huyo kuwa wa jamii iliyojulikana Asia, wakawatafuta adui zake huko mbali, mpaka walipotambua kwamba ni wa aina yake na kwamba kwao ni Uganda, jirani tu. Mwaka wa 1938 wakaleta kutoka Uganda nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidung'ata. Nyigu walifanya kazi yao, na baada ya miaka michache mdudu aliyekuwa ametikisa uchumi wa Thika akawa mdudu wa kawaida. Kisa hiki hakisimuliwi sana, labda kwa sababu hakikumtajirisha muuza dawa yeyote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia upepo ulibadilika. DDT, ambayo Mswisi Paul Müller aligundua mwaka wa 1939 kwamba inaua wadudu, ilikuwa imempatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1948. Ilikuwa rahisi kununua, ilikaa muda mrefu kwenye jani, na haikumdhuru papo hapo aliyeinyunyiza. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilinunua shamba la Jacaranda karibu na Ruiru ili liwe kituo kikuu cha utafiti wa kahawa, na kwa miaka iliyofuata mashamba ya eneo hilo yalipigwa dawa za kizazi kipya, DDT na parathion zikiwemo. Haikuchukua muda kabla ya kuonekana jambo la ajabu: wadudu wanaochimba majani ya mkahawa, waliokuwa wachache, walizidi kuongezeka palipopigwa dawa, kwa kuwa dawa iliwaua nyigu waliokuwa wakiwazuia. Watafiti waliligundua hilo kwa sababu walikuwa hodari wa kuhesabu. Walihesabu majani yenye madoa, buni zilizooza, wadudu kwa kila tawi na gharama kwa kila ekari. Hatari kwa binadamu nayo ilihesabiwa, ila kwa kipimo kimoja tu: je, aliyebeba pampu mgongoni ameanguka? Sumu ilikuwa sumu pale ilipomwangusha mtu aliyeishika. Wanawake walioingia kwenye mistari ya kahawa siku zilizofuata kupalilia au kuchuma, wakilipwa kwa debe, hawakuwa wakishika pampu, kwa hiyo katika hesabu hiyo hawakuwa wakikutana na dawa.

Hesabu hiyo ilimsahau mtu mmoja tangu mwanzo, yaani mtoto aliye tumboni katika wiki ambazo viungo vyake vya uzazi vinaundwa. Ukifuata historia ya dawa za mashambani huko Thika na Ruiru sambamba na historia ya kile ambacho maabara za dunia zilikuwa zikijua wakati huohuo, utaona kwamba kila aina ya kinga iliyobuniwa humfikia mtoto huyo ikiwa imechelewa: glavu, barakoa, likizo ya uzazi, hata marufuku ya dawa mojamoja. Kinga pekee inayomfikia kwa wakati ni ile inayofanya dawa yenyewe isihitajike, na ajabu ni kwamba kinga ya namna hiyo iliwahi kubuniwa palepale Ruiru, kwa sababu nyingine kabisa.

Tuanze na kilichojulikana. Mwaka wa 1950 Wamarekani wawili, Howard Burlington na Verlus Lindeman, walichapisha matokeo ya jaribio la kuwadunga majogoo wachanga DDT kila siku. Majogoo hawakufa. Walikula na kukua, na mfugaji angeweza kuwauza sokoni bila mtu kulalamika. Lakini korodani zao zilibaki ndogo mno, na vishungi vyao havikukua kama vya jogoo. Watafiti hao waliona kwamba DDT imeumbika kwa namna inayokaribiana na homoni ya kike ya kutengenezwa maabarani, ile inayoitwa DES, na wakadhani huenda inatenda kazi kama hiyo. Mwaka huo mikahawa ya Ruiru ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kuzoea DDT. Jarida la majogoo halikuwa siri, lilikuwa kwenye maktaba za vyuo. Ila lilihusu kuku, na waliokuwa na kazi ya kulinda kahawa hawakuwa na sababu ya kusoma habari za kuku.

DES yenyewe ina kisa chake, ambacho ndicho kilichoufungua macho ulimwengu. Iliundwa mwaka wa 1938 na Charles Dodds, mwanakemia wa London, na kwa zaidi ya miongo mitatu madaktari, hasa wa Marekani, waliwapa wajawazito wakiamini kwamba inazuia mimba kuharibika. Mwaka wa 1953 jaribio kubwa lililofanywa Chicago lilionyesha kwamba haizuii lolote, lakini iliendelea kuandikwa kwenye vyeti vya dawa. Mwaka wa 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston waliripoti wasichana na wanawake vijana wanane waliopata saratani ya uke ambayo karibu haikuwahi kuonekana katika umri huo. Mama saba kati ya wanane walikuwa wamemeza DES walipokuwa na mimba. Baadaye ilidhihirika kwamba wana wa kiume nao hawakusalimika: baadhi walizaliwa korodani hazijashuka, wengine wakiwa na uvimbe kwenye mirija ya mbegu. Uzito wa kisa hiki uko kwenye ratiba yake. Mama hakuugua. Mtoto alizaliwa akalia, akapimwa uzito, akapelekwa nyumbani. Madhara yalikuja kujulikana miaka 15 au 20 baadaye, wakati mama mwenyewe pengine amesahau jina la dawa. Mfumo unaosubiri mtu aanguke ndipo uamue kwamba kitu ni sumu hauwezi kuona jambo la namna hiyo hata likitokea mbele yake.

Sababu ya ratiba hiyo ni jinsi mwili unavyojengwa. Mpaka karibu wiki ya sita ya mimba, kijusi cha kiume na cha kike hakitofautiani kwa umbo la viungo vya uzazi. Kisha, kwa amri ya kromosomu ya kiume, korodani huanza kujiunda, na kuanzia takriban wiki ya nane huanza kutoa testosteroni. Kati ya wiki ya nane na ya kumi na nne ndipo homoni hiyo inapopanga mambo ambayo hayatarudiwa tena: urefu wa uume, mahali ambapo tundu la mkojo litafunguka, njia ambayo korodani zitashukia miezi mingi baadaye, na hata wingi wa seli zitakazolea mbegu za kiume utu uzimani. Wiki hizo sita zikipita na homoni pungufu, kuongeza homoni baadaye hakurekebishi kitu. Mwaka wa 1995 William Kelce na wenzake walionyesha kwamba DDE, kitu ambacho DDT hugeuka kuwa mwilini, hukaa mahali pa testosteroni ndani ya seli bila kufanya kazi yake, kama abiria aliyekalia kiti cha dereva wa matatu na kukataa kuondoka. Kwa mtoto wa kike mambo ni tofauti kidogo lakini si mepesi, kwa maana mayai yote atakayokuwa nayo maishani huundwa kabla hajazaliwa, na DES ilionyesha kwamba umbo la mji wa mimba nalo linaweza kupotoshwa mapema.

Sasa turudi Ruiru, kwa sababu wakati maabara za ng'ambo zilipokuwa zikijifunza haya, kituo cha kahawa kilikuwa kikipambana na adui mwingine. Ugonjwa wa chulebuni, ambao ni ukungu unaoozesha buni changa zikiwa bado mtini, ulitambuliwa magharibi mwa Kenya mwaka wa 1922 na baadaye ukavuka Bonde la Ufa. Miaka ya mvua nyingi katika muongo wa 1960 uliteketeza sehemu kubwa ya mavuno. Dawa zilizotumika zilikuwa za shaba kwanza, kisha zikaja za viwandani kama captafol. Mkulima alitakiwa kupiga kila baada ya wiki tatu au nne msimu mzima wa mvua, na gharama ya kazi hiyo iliweza kufika asilimia 30 ya gharama yote ya kuzalisha kahawa. Kwa shamba kubwa hilo lilivumilika. Kwa mkulima wa ekari mbili wa Gatundu au Gatanga lilimaanisha kuchagua kati ya dawa na karo.

Mwaka wa 1971 kituo kilianza mradi wa kuzalisha mkahawa usioshikwa na chulebuni. Walichanganya kahawa ya Rume kutoka Sudan, chotara wa Timor, K7, na SL28 yenye ladha iliyoipa Kenya jina lake, na mwaka wa 1985 wakatoa Ruiru 11. Mti ulikuwa mfupi, ulipandwa kwa kubanana, ulikinga chulebuni na kutu ya majani pia. Lazima niwe mwangalifu hapa. Shaba na captafol hazijulikani hasa kwa kuvuruga homoni. Captafol iliondolewa Kenya mwaka wa 1989 kwa sababu ya hofu ya saratani. Hakuna aliyebuni Ruiru 11 akimfikiria mtoto tumboni. Waliibuni kwa ajili ya pochi ya mkulima. Lakini tazama kilichotokea: kwa mara nyingine tangu nyigu wa 1938, tatizo la Thika na Ruiru lilitatuliwa kwa njia isiyomhitaji mtu yeyote kubeba pampu, na hivyo isiyomgusa mwanamke yeyote, awe anajua ana mimba au hajui.

Na hapo tarehe zinaanza kukutana kwa namna ya kushtua. Kati ya 1983 na 1985 Laetitia Kanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake wa Kenya na Norway, walipima maziwa ya akina mama kutoka maeneo manane ya nchi, miongoni mwao Nairobi na Karatina. Anayetoka moja kwenda lingine hupitia Ruiru na Thika. Waliikuta DDT kila mahali, nyingi zaidi kisiwani Rusinga. Kisha mwaka wa 1986, kati ya Februari na Juni, walikwenda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, wakachukua sampuli kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji: mafuta ya chini ya ngozi, damu ya mama, maziwa, na damu ya kitovu cha mtoto. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1992. Wastani wa DDT na vizalia vyake ulikuwa miligramu 5.9 kwa kila kilo ya mafuta mwilini mwa mama, 4.86 katika mafuta ya maziwa, na 1.9 katika mafuta ya damu ya kitovu. Idadi ya wanawake haikuwa kubwa, na utafiti huo haukuchunguza maumbile ya watoto. Ulithibitisha jambo moja tu, nalo latosha: kondo la nyuma si ukuta. Kilichokuwa kwenye mafuta ya mama kilimfikia mtoto kabla hajavuta pumzi ya kwanza.

Mwaka huohuo wa 1986, DDT ilipigwa marufuku katika kilimo nchini Kenya. Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu ilikuwa imepitishwa mwaka wa 1982, bodi ya kuitekeleza ikaundwa, na katika orodha yake ya kwanza ya marufuku DDT iliandamana na dibromokloropropani, dawa ya minyoo ya udongoni iliyowahi kuuzwa duniani kwa ajili ya mananasi na ndizi. Hiyo ya pili iliingia historia kwa njia ya kuhuzunisha: mwaka wa 1977 wanaume waliokuwa wakiichanganya kiwandani Lathrop, California, walianza kuulizana mbona hakuna hata mmoja wao anayepata mtoto, na walipopimwa wengi wakakutwa hawana mbegu. Wanaume hao walipata kupimwa kwa sababu waliweza kuzungumza wao kwa wao mezani wakati wa chakula. Kijusi hakina wenzake wa kuzungumza nao. Tangu majogoo wa 1950 mpaka marufuku ya 1986 ni miaka 36, muda wa kutosha kwa msichana aliyezaliwa kwenye kambi ya vibarua wa kahawa kukua, kuchuma kahawa, na kuwa mama wa watoto ambao nao wameanza kuchuma.

Kuna watakaosema kwamba hapa naunganisha mambo yasiyoungana. Watauliza: ni mtoto gani wa Thika aliyethibitishwa kuzaliwa na kasoro kwa sababu ya DDT? Na wana haki ya kuuliza, kwa sababu hata duniani ushahidi haujalala upande mmoja. Mwaka wa 2002 Matthew Longnecker na wenzake walipima damu iliyokuwa imehifadhiwa tangu miaka ya 1959 hadi 1966, ya wanawake wa Marekani waliokuwa na mimba wakati DDT ilipokuwa kila mahali. Walitafuta uhusiano kati ya DDE na korodani kutoshuka. Walichoona ni dalili dhaifu, isiyotosha kusema ndiyo wala hapana. Mtu akisimama hapo, anaweza kufunga kitabu.

Lakini asisimame hapo. Kusini mwa bara hili, katika mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini, DDT iliendelea kunyunyizwa ndani ya nyumba kwa ajili ya malaria. Riana Bornman na wenzake waliwachunguza watoto wa kiume 3,310 waliozaliwa kati ya 2004 na 2006, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono na macho. Takriban asilimia 11 walikuwa na kasoro fulani ya njia ya mkojo au viungo vya uzazi. Waliozaliwa na mama walioishi vijiji vilivyonyunyizwa kati ya 1995 na 2003 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 33 kuliko wale wa vijiji visivyonyunyizwa, na mama aliyeshinda nyumbani badala ya kwenda kazini aliongeza uwezekano huo. Jambo hili la mwisho ndilo linalonishawishi zaidi, kwa kuwa anayeshinda ndani ya kuta zilizopakwa dawa ndiye anayeipata zaidi, na takwimu zikafuata mantiki hiyo. Tofauti kati ya Longnecker na Bornman si kwamba mmoja amekosea. Mmoja alipima kemikali moja katika damu ya zamani, mwingine alitazama watoto wa mahali ambapo dawa bado iko ukutani. Ushahidi wa namna hii hupaswa kupimwa kwa pamoja, kama hakimu anavyopima mashahidi ambao hawakusimama pembe moja ya barabara.

Wengine watasema Limpopo inaonyesha DDT ikiokoa maisha, na malaria huua watoto wengi kuliko kasoro ya korodani. Ni kweli, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani liliirudisha DDT mwaka wa 2006 kwa ajili ya kunyunyizia ndani ya nyumba. Mzazi wa pwani au wa ukanda wa ziwa anaweza kuwa na sababu ya kuukubali mzani huo. Thika na Ruiru hazikuwahi kuwa na mzani huo. Huku juu malaria si tishio la namna hiyo, na dawa ilipigwa kulinda buni. Kumwambia mama wa Ruiru kwamba dawa ya shamba iliokoa watoto wa Kisumu ni kumlipisha deni la mtu mwingine.

Pingamizi la kipimo ni zito zaidi. Husemwa kwamba viwango vinavyobaki ni vidogo mno na kwamba kila kitu ni sumu kikizidi. Hilo ni kweli kwa sumu nyingi, lakini homoni zenyewe hufanya kazi kwa viwango ambavyo mizani ya kawaida haiwezi kuvihisi, na mwili wa kijusi umeandaliwa kuzisikia. Zaidi ya hayo, hakuna mwanamke anayekutana na kemikali moja peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, mwendo mfupi kutoka Ruiru, pamoja na Shirika la Afya Duniani, walitoa ripoti kubwa kuhusu hali ya sayansi hiyo, ripoti ya 2012 iliyozinduliwa Februari 2013. Ilikiri mapengo mengi katika ushahidi, lakini ilisisitiza mambo mawili ambayo wasajili wa dawa huyasahau: wakati wa kukutana na kemikali unaweza kuwa na uzito kuliko kiasi chake, na kemikali kadhaa zinazofanya kazi ya aina moja huungana.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote kwa Thika na Ruiru ya leo unatoka Denmark. Mwaka wa 2008 Helle Raun Andersen na wenzake walichapisha utafiti wa wana wa kiume wa wanawake waliofanya kazi kwenye vibanda vya kioo vya maua na mboga. Watoto hao walipimwa wakiwa na miezi mitatu. Asilimia 6.2 walikuwa na korodani zisizoshuka, ilhali kwa watoto wa Copenhagen waliolinganishwa nao ilikuwa asilimia 1.9. Wana wa mama waliokutana na dawa kazini walikuwa na uume mfupi na korodani ndogo kuliko wale wa mama ambao hawakukutana nazo. Ni kundi dogo, na peke yake halihukumu mtu. Kinachoshtua ni hiki: Denmark si nchi ya kupuuza sheria za kazi. Wanawake wote waliokuwa wakikutana na dawa walihamishwa kazi nyingine au kupewa likizo yenye malipo mara mimba ilipojulikana. Hakuna mwajiri wa Thika anayeweza kujidai kufanya zaidi ya hapo. Na bado haikutosha, kwa sababu kufikia siku mama anapojua, anapomwambia msimamizi, na msimamizi anapoandika barua, sehemu ya zile wiki imekwisha kwenda.

Hamisha hilo mpaka kwenye mashamba ya maua na mboga kati ya Juja na Thika. Wanaofunga mashada, wanaokata maua na kuchagua mboga ni wanawake kwa wingi, wengi wa umri wa kuzaa, wengi wakiwa vibarua wa muda. Kibarua wa muda anayesema ana mimba wiki ya sita anaweza kukuta jina lake halipo kwenye orodha ya wiki ya saba, kwa hiyo hasemi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu, lakini likizo hiyo ni ya kujifungua na kunyonyesha. Kliniki nayo inaanza lini? Tafiti za afya za kitaifa zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanawake wengi wa Kenya huenda kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza miezi mitatu ya kwanza ikiwa imepita. Muuguzi wa Thika Level 5 akimfungulia mama kitabu chake, akimpima damu na shinikizo na kumpa vidonge vya madini ya chuma, wiki sita zilizoamua umbo la uzazi wa mwanawe mara nyingi zimeshafungwa. Ushauri wowote atakaompa kuhusu dawa za shambani, hata uwe mzuri vipi, ni wa mimba ijayo.

Atasimama mkulima na kuuliza: sasa tule nini? Hilo ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu bila dawa nyanya huungua na viazi huoza, na mwenye nusu ekari hana nafasi ya kufanya majaribio. Ndiyo maana Ruiru 11 inafaa kutazamwa kwa makini, pamoja na udhaifu wake. Haikuenea haraka. Mbegu yake ilitokana na kuchavusha maua kwa mkono, ua baada ya ua, na kwa miaka mingi wakulima walisubiri miche ambayo kituo hakikuweza kuitoa kwa wingi. Wanunuzi wengine walilalamika kwamba ladha yake haifikii SL28. Mkulima mwenye miti ya zamani inayozaa hawezi kuing'oa na kungoja miaka mitatu bila senti. Mwaka wa 2010 kituo kilitoa Batian, inayozalika kwa mbegu yake yenyewe na yenye kikombe kizuri zaidi, na baadhi ya malalamiko yakapungua. Mfano huu hausemi kwamba kinga ya aina hii ni rahisi au ya haraka. Unasema kwamba inawezekana, kwamba iliwahi kufanywa na Wakenya kwenye udongo huohuo, na kwamba fedha za umma zikiwekwa hapo mkulima habebeshwi gharama ya usalama wa mtoto wa jirani yake.

Fedha hizo na akili hizo hazijaelekezwa kwenye nyanya, viazi na maua kwa kiasi kile. Kilichofanyika ni kurudi kwenye orodha. Mwaka wa 2019 mpango wa Route to Food ulitoa waraka uliohesabu bidhaa 262 zilizosajiliwa Kenya zenye madhara kwa uzazi na 35 zinazovuruga homoni. Wafanyabiashara wa dawa waliupinga, na mwaka huohuo Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, Gladys Boss Shollei, akapeleka ombi Bungeni la kuondoa dawa hatari sokoni. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuidhinisha mancozeb, dawa ya ukungu inayojulikana na kila mkulima wa viazi na nyanya Kiambu, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba inadhuru uzazi na kuvuruga homoni. Juni 2025 Waziri wa Kilimo, Mutahi Kagwe, akatangaza bidhaa 77 kupigwa marufuku na 202 kuwekewa mipaka. Ni hatua, na nisingependa kuidharau. Ila dawa zinazoingia nafasi ya zile 77 zitasajiliwa kwa hesabu ileile, na historia ya DDT inaonyesha ni muda gani hupita kabla hesabu hiyo haijajisahihisha.

Wakati huohuo mashamba yenyewe yanakwisha. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru ikiwa na watu karibu 490,000, na eneo ambalo sasa ni Tatu City lilikuwa kahawa. Mtu anaweza kudhani kwamba magorofa yamemaliza tatizo. Yamelihamisha tu. Mwaka wa 2005 Shanna Swan na wenzake wa Marekani waliripoti kwamba wana wa kiume wa mama waliokuwa na viwango vya juu vya ftaleti wakati wa mimba walikuwa na dalili za upungufu wa homoni ya kiume zinazoonekana kwenye umbo la sehemu zao za siri. Ftaleti hulainisha plastiki na kushika manukato kwenye vipodozi. Mwanamke wa gorofa ya nne mjini Ruiru hajui pampu ya shambani, lakini mboga anazonunua jioni zinatoka kwenye mashamba yanayopigwa dawa, na mafuta anayojipaka hayajapimwa kwa jicho hilo.

Limebaki swali la nani atoe ushahidi. Sheria ya 1982 inamtaka anayetaka kuuza dawa alete taarifa za usalama wake kabla ya kusajiliwa. Mzigo wa kuthibitisha, kwa maandishi, ni wake. Kwa vitendo mzigo umekuwa wa mtoto: dawa inauzwa mpaka watoto wa kutosha, mahali fulani duniani, wazaliwe na kasoro za kutosha kuingia kwenye jarida. Bodi ina uwezo wa kudai, kwa kila dawa inayoomba kuuzwa kwa mkulima wa Gatundu au shamba la maua la Thika, majaribio yanayofuata watoto wa wanyama waliokutana nayo tumboni mpaka wafikie umri wa kuzaa. Majaribio hayo yapo, yana kanuni za kimataifa, na ni ghali. Wenye kampuni watasema gharama itapanda kwa mkulima, na huenda wakawa na haki. Lakini gharama ya chulebuni ilipopanda, Ruiru haikuamua kwamba mkulima anyamaze. Ilikaa miaka 14, ikachavusha maua kwa mkono, ikaleta mti mwingine.